Mdudu-kibibi shambani: anaishi wapi, anakula nini, na kwa nini tunamuua tukimdhania adui

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka mingi nimelima nyanya, kabichi na maharage katika milima ya Usambara, na sijaona mdudu anayehukumiwa vibaya shambani kama mdudu-kibibi. Namzungumzia yule mdogo wa mviringo, mgongo wake umebinuka kama bakuli lililofunikwa, mwekundu au wa njano au wa rangi ya chungwa, mwenye madoa au mistari myeusi. Vitabuni ameitwa mdudu-kibibi, lakini huku kwetu wengi hawana jina lake na humweleza kwa madoa yake tu. Akiwa mkubwa watu humwacha kwa sababu anapendeza. Akiwa mtoto wanamuua, na nitaeleza kwamba mtoto huyo ndiye anayetufanyia kazi kubwa zaidi.

Nianze na makazi. Nyuki ana mzinga, mchwa ana kichuguu, sisimizi ana shimo lake ardhini, lakini mdudu-kibibi hana nyumba. Makazi yake ni pale chakula chake kilipo, na chakula kikihama naye anahama. Jamii hii, ambayo wataalamu huiita Coccinellidae, ina spishi zipatazo 6,000 duniani, na kila kundi limejifunga na mmea wa aina fulani kwa sababu mmea huo ndio unaobeba windo lake. Wanaokula vidukari, yaani wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mimea, utawakuta kwenye maharage, kunde, bamia, mahindi na magugu laini ya pembezoni mwa shamba. Wanaokula wadudu wenye magamba utawakuta juu ya miti: michungwa, minazi, mikahawa. Wapo wadogo sana, weusi watupu, wasiozidi ukubwa wa punje ya ulezi, ambao huishi chini ya majani yaliyoshambuliwa na utitiri mwekundu. Hao ni wa jenasi Stethorus, na mkulima wa nyanya anaweza kulima miaka kumi asiwatambue kamwe. Wapo hata wasiowinda kabisa, ambao kazi yao ni kulamba ukungu mweupe wa ubwiri unga juu ya majani.

Katika nchi zenye baridi kali, makazi hubadilika kwa majira. Mdudu-kibibi mwenye madoa saba wa Ulaya hupitisha majira ya baridi chini ya majani makavu na magome bila kula. Kule California, spishi iitwayo Hippodamia convergens huondoka mabondeni mwanzoni mwa kiangazi na kupanda milima ya Sierra Nevada, ambako hukusanyika kwa maelfu mahali pamoja, kisha hurudi mabondeni baridi inapoisha. Huku kwetu kinachoamua si baridi bali ukame. Mimea ikikauka, ncha changa hazipo, vidukari hawapo, na mdudu-kibibi huteremkia mabonde yenye umwagiliaji au hutulia ndani ya nyasi na majani makavu akisubiri mvua. Ndiyo maana shamba lililopaliliwa hadi ukingoni, likabaki udongo mtupu pande zote, huanza msimu bila mlinzi hata mmoja.

Sasa nije kwenye ulaji. Jike hutaga mayai ya njano, marefu kidogo, yaliyosimama wima kwa kushikana kama mikungu midogo, mara nyingi upande wa chini wa jani na karibu na vidukari. Baada ya siku chache mayai huanguliwa. Chakula cha kwanza cha lava, yaani mtoto aliyeanguliwa, ni ganda la yai lake, na mara nyingi pia mayai ya ndugu zake yaliyochelewa kuanguliwa; ni jambo la kutisha kulitazama, lakini lava aliyekula hivyo hupata nguvu ya kutembea mpaka akutane na kidukari wa kwanza. Akiwa mdogo humtoboa kidukari na kumfyonza. Akikua humtafuna mzima. Hujivua ngozi na kupita hatua nne, na katika muda huo hula vidukari kwa mamia. Kisha hujibandika kwenye jani, huwa pupa, na baada ya wiki moja hivi hutoka akiwa na mabawa. Kwenye joto safari nzima tangu yai huchukua wiki tatu hivi. Milimani kwetu huchukua muda mrefu zaidi.

Lava huyo hafanani na mama yake hata kidogo. Ni mrefu, mweusi au wa kijivu, ana miguu sita iliyo wazi na vidoa vya njano au vya chungwa, na anatembea kama mamba mdogo. Msimu wangu wa kwanza wa maharage niliwaona wakiwa wamejaa kwenye mistari miwili, nikaenda kwa muuza pembejeo, akaniambia ni viwavi wapya na akaniuzia dawa. Nikapuliza jioni ileile. Asubuhi "mamba" wote walikuwa chini, na mimi nikafurahi. Vidukari waliokuwa wamejikunja ndani ya majani hawakufa wote, na kwa kuwa kidukari jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, ndani ya wiki mbili mistari ile ilikuwa na hali mbaya kuliko ya majirani waliochelewa kupuliza. Nilikuwa nimelipa fedha kuwaua walinzi wangu. Jambo hili linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya nianze kujifunza habari za mdudu huyu.

Mwenye swali au nyongeza, karibu.

Mchangiaji wa 2 (Muheza)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa somo. Mimi nina michungwa. Matawi yana wadudu weupe kama vipande vya pamba, majani yamefunikwa na masizi meusi, na sisimizi wanapanda na kushuka kutwa nzima. Wadudu-kibibi nawaona mara mojamoja tu, hawakai. Je, naweza kuwakusanya kutoka mashamba ya kunde na kuwaachia kwenye michungwa yangu?

Mleta mada

Marahaba, kijana wangu. Swali lako lina mambo matatu, na nitaanza na sisimizi kwa sababu wao ndio wanaowafukuza wageni wako. Vidukari na wadudu wa magamba hufyonza utomvu wa mmea kuliko wanavyohitaji, na ziada huitoa kama majimaji matamu. Masizi unayoyaona ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Sisimizi huunywa, na kwa ajili yake huwalinda wafyonzaji kama mfugaji anavyolinda ng'ombe: mdudu-kibibi akitua humuuma na kumsukuma, na mayai yake huyabeba. Funga kitambaa au karatasi ngumu kuzunguka shina, kisha paka grisi juu ya kitambaa hicho na si juu ya gome lenyewe, na ukate matawi yanayogusa ardhi au mti wa jirani ili yasiwe daraja. Nitoe tahadhari moja kwa wenye minazi na mikorosho: wale majimoto wanaoshona majani kuwa kiota huzuia wadudu wanaoharibu nazi changa na korosho, kwa hiyo huko wasiondolewe kwa kukurupuka.

Jambo la pili ni kuwahamisha kutoka kwenye kunde. Hapana, kwa sababu mla vidukari ukimweka kwenye magamba hatakaa. Mdudu unayemhitaji ni mdudu-kibibi wa spishi nyingine, na hapa nieleze kisa ambacho kila mwenye michungwa angepaswa kukifahamu. Mwishoni mwa miaka ya 1860 mdudu wa pamba, Icerya purchasi, mdudu wa magamba mwenye mfuko wa mayai mweupe kama pamba, aliingia California akitokea Australia, na kufikia miaka ya 1880 alikuwa anakausha mashamba ya machungwa kiasi kwamba watu walianza kung'oa miti. Charles Valentine Riley, aliyeongoza kitengo cha wadudu katika wizara ya kilimo ya Marekani, akamtuma Albert Koebele kwenda Australia mwaka 1888 kutafuta adui wa mdudu huyo nyumbani kwake. Koebele alituma mdudu-kibibi mwekundu mwenye mabaka meusi, Rodolia cardinalis. Shehena tatu za kwanza zilikuwa na wadudu 129 tu. Waliwekwa chini ya hema lililofunika mchungwa mmoja mjini Los Angeles, wakazaliana, hema likafunguliwa, na kufikia Juni 1889 zaidi ya 10,000 walikuwa wamekwisha kugawiwa kwa wakulima. Katika muda wa miaka miwili hivi janga lile lilikuwa limezimwa.

Kwa nini Rodolia alifaulu namna ile, wakati walaji wa vidukari hawawamalizi vidukari? Jibu limo katika urefu wa kizazi. Rodolia hukua haraka kuliko windo lake, na jike hutaga kwenye mfuko wa mayai wa mdudu wa pamba, hivyo lava akianguliwa tayari yuko mezani. Kidukari ni kinyume chake: katika joto hufikia kuzaa ndani ya wiki moja hivi, na lava wa mdudu-kibibi akiwa nusu ya safari, kundi la vidukari limekwisha kupanda na huenda limeanza kutawanyika. Mwanasayansi Mwingereza A. F. G. Dixon alilieleza jambo hili kwa kirefu. Kwa hiyo kwenye vidukari tutegemee msaada pamoja na wadudu wengine, kama nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari, na tusitegemee muujiza. Kwenye mihogo hali ilikuwa hivyohivyo: kidung'ata wa mhogo, mdudu mfyonzaji mwenye unga mweupe, alipoenea Afrika kuanzia miaka ya 1970, wadudu-kibibi wa kwetu walimla, lakini walifika kwa wingi wakati mimea imekwisha kudumaa. Aliyemweza ni nyigu mdogo kutoka Paraguay, aliyeachiliwa kwanza Nigeria mwaka 1981 chini ya mradi alioongoza Hans Herren.

La tatu ni dawa. Katika miaka ya 1940, DDT ilipoanza kupulizwa kwenye michungwa ya California, Rodolia walikufa na mdudu wa pamba akarudi kwa wingi, baada ya takriban miaka 50 ya utulivu. Dawa hiyo haikumtesa mdudu wa pamba kama ilivyomtesa adui yake.

Mchangiaji wa 3 (Moshi)

Mzee, naheshimu maelezo yako, lakini mimi nimewaona kwa macho yangu wakila majani. Mnavu wangu na maboga yametobolewa, yamebaki mishipa tu, na waliokuwa juu yake ni hao hao wa mviringo wenye madoa. Sasa nimwamini nani?

Mleta mada

Dada yangu, amini macho yako, kwa sababu umeona kweli. Ndani ya jamii hii limo kundi dogo linalokula majani, na huku Afrika Mashariki linajulikana sana kwa makundi matatu ya mazao. Henosepilachna elaterii hushambulia maboga, matikiti na matango; ndugu zake hula mnavu, biringanya na mimea mingine ya ukoo wa nyanya; na Chnootriba similis hula majani ya mahindi, mtama na mpunga. Huyu wa mwisho ana kosa la ziada, kwa maana ni mmoja wa mbawakawa wanaosambaza virusi vya ugonjwa wa kimanjano wa mpunga, ugonjwa ambao uligunduliwa kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966.

Kuwatofautisha si kugumu ukiwa na subira ya kumshika mmoja na kumgeuzageuza kwenye mwanga. Mla wadudu kwa kawaida mgongo wake unang'aa kama uliopakwa mafuta. Mla majani ana vinyweleo vifupi sana vinavyomfanya aonekane amefifia, kama amefunikwa vumbi, na rangi yake ni ya kahawia au chungwa iliyokolea. Tofauti iliyo wazi zaidi iko kwa watoto: lava wa mla majani ni wa njano iliyopauka, mnene, amejaa miiba yenye matawi mwili mzima, na haondoki haraka ukimgusa. Hao waokote kwa mkono asubuhi pamoja na majani yenye mayai. Jani lenyewe nalo linasema: wao hukwangua nyama ya jani na kuacha utando mwembamba kama wavu.

Mchangiaji wa 4 (Njombe)

Niruhusuni niongeze na kurekebisha kidogo, kwani nimesomea wadudu. Mleta mada amesema makazi ya mdudu-kibibi ni pale chakula kilipo, lakini tunapaswa kuuliza ni chakula gani. Ivo Hodek, mtaalamu wa Kicheki aliyewachunguza wadudu hawa kwa miongo mingi, alitenganisha chakula kinachomwezesha mdudu kukua na kutaga mayai na chakula kinachomweka hai tu. Wakulima wa mahindi huku Njombe huwaona wadudu-kibibi wengi kwenye mbelewele. Wanakula chavua, na pia vidukari waliojificha humo. Chavua na maji matamu ya maua huwapa nguvu ya kuruka na kungoja, lakini jike wa spishi nyingi za walaji vidukari hataendelea kutaga ipasavyo kwa chavua peke yake. Kumwona mdudu-kibibi mkubwa shambani, basi, hakuthibitishi kwamba anazaa humo. Tafuteni mayai na lava.

Tena vidukari si wote sawa. Kidukari wa kabichi, yule mwenye unga wa kijivu, hubeba mwilini kemikali kali zinazotokana na mmea wenyewe, na akipondwa hutoa sumu ya jamii ya haradali. Spishi ya Ulaya yenye madoa mawili, lava wake wakilishwa huyo tu hufa, ilhali wenye madoa saba humudu. Mtu mwenye kabichi tupu asishangae akiwaona wachache kuliko jirani mwenye kunde.

Mleta mada

Nakushukuru sana kwa marekebisho hayo, na nayapokea. Kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini kabichi zangu zilikuwa na wageni wachache kuliko maharage yaliyo hatua kumi tu pembeni, na leo nimepata jibu. Hata hivyo, ninapanda kunde na giligilani kati ya matuta ya kabichi, giligilani nikiiacha itoe maua, na naona faida yake: wanaozaliwa kwenye kunde huvuka, na hata wasipomaliza vidukari wa kabichi, hula mayai ya vipepeo na vitu vingine laini wanavyokutana navyo.

Mchangiaji wa 5 (Unguja)

Assalaam alaykum. Nimesikia kuna mdudu-kibibi wa kigeni anayekula wenzake. Ni kweli, au ni uvumi?

Mleta mada

Waalaykum salaam. Ni kweli. Anaitwa Harmonia axyridis, asili yake ni Asia ya mashariki, na alipelekwa Marekani na Ulaya kwa makusudi ili ale vidukari. Aliwala, lakini akala pia mayai na lava wa wadudu-kibibi wenyeji, na matunda yaliyoiva yakipasuka huyaingia. Rangi zake ni nyingi mno, kuanzia chungwa bila doa hadi nyeusi yenye madoa mekundu. Afrika Kusini yupo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na huko kwenu Unguja pia amekwisha kurekodiwa.

Mlinganishe na Rodolia niliyemtaja. Mdudu wa pamba alipovamia visiwa vya Galápagos, wataalamu walikaa miaka kadhaa wakimpima Rodolia kwanza, wakamlisha wadudu wengine wa visiwani ili kuona kama atawala, na walipothibitisha kwamba karibu chakula chake chote ni mdudu wa pamba na jamaa zake wa karibu ndipo wakamwachilia, mwaka 2002. Mimi naona hicho ndicho kipimo cha haki: mdudu mwenye mlo mpana anavutia kwa mnunuzi, lakini ndiye wa kuogopwa zaidi anapotoka nje ya shamba.

Mchangiaji wa 3 (Moshi)

Mzee, nimerudi. Leo alfajiri nimepita na kioo cha kukuzia. Kwenye maboga ni wale wenye vinyweleo, na lava wao ni wa njano wenye miiba kama ulivyosema. Nimeokota ndoo ndogo. Lakini kwenye mstari wa kunde ulio kando ya mfereji nimekuta kitu kingine: mayai ya njano yamesimama, nimehesabu 23 kwenye jani moja, na vidukari weusi wako kwenye kikonyo cha jani hilohilo. Nilikuwa nimekwisha kuchanganya dawa kwenye bomba. Nifanyeje?

Mleta mada

Mstari huo usiupulize, dada yangu. Funga uzi mwekundu kwenye shina lenye jani hilo ili usilipoteze, kisha rudi siku ya nne au ya tano asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ukikuta maganda meupe na vidoti vyeusi vyenye miguu vimekusanyika juu yake, ujue wameanguliwa na wanakula maganda, waache. Baada ya wiki moja hesabu vidukari kwenye shina hilo na kwenye shina jingine lisilo na mayai, uniletee namba zote mbili hapa. Sisimizi wakianza kupanda shina kabla ya siku hiyo, niambie mara moja.

Mchangiaji wa 3 (Moshi)

Nimefunga uzi. Bomba nimelirudisha stoo.